Mwenyekiti wa Kila Kitu

Kijijini kwetu, mlimani juu ya mji wa Himo, wenyeviti hawakuwahi kupungua. Palikuwa na mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenyekiti wa mfongo unaotuletea maji kutoka msituni, na mwenyekiti wa kwaya ambaye hakujua kuimba. Lakini ukisema umetumwa kwa Mwenyekiti, hakuna aliyekuuliza yupi. Ulionyeshwa njia ya kwenda kwa jirani yangu.

Niliolewa pale nikitokea Masama, nikaja na cheti cha ualimu na sanduku moja la nguo. Kihamba cha mume wangu, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake, na kihamba cha jirani huyo vilitenganishwa na uzio wa mimea ya masale tu, kwa hiyo nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia walio mbali. Hata akimwita ng'ombe wake ilikuwa kama anawaomba wajumbe wakae chini. Nilimcheka sana miaka ya mwanzo. Baadaye nilimpenda, na sasa nikiwa mjini namkumbuka kuliko ninavyowakumbuka ndugu zangu wengine, Mungu anisamehe.

Nilipofika alikuwa na viti vinne. Alikuwa diwani wa kata yetu, mwenyekiti wa timu ya mpira, mzee wa kanisa, na, juu ya vyote, mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, kile kinachokusanya kahawa ya wakulima. Vitatu vya kwanza alivipenda. Cha ushirika alikiishi. Msimu wa kahawa ulipofika alisimama karibu na mizani ghalani tangu jua linachomoza, na kila mama aliyetua gunia alisalimiwa kwa jina lake na la baba yake aliyemzaa. Njia zote zilinuka maganda ya kahawa yaliyochachuka, harufu ambayo mgeni huizibia pua na sisi tuliivuta kama ya mkate. Wanangu walikwenda shule kwa harufu ile. Siku hizi unaweza kupanda kutoka Himo hadi kanisani usiisikie hata mara moja.

Maisha yake yote aliyaendesha kwa ajenda. Asubuhi akinywa chai na watoto alifungua kikao, akaingia kwenye yatokanayo na jana, nani hakufunga mbuzi, nani alivunja kibuyu, na mwisho akauliza kama kuna mengineyo. Binti yake mkubwa alipopata mchumba alivizia wiki nzima, kisha akalitamka jambo hilo kwenye mengineyo. Mwenyekiti akaahirisha kikao. Kanisani akiombwa kusali alisali vizuri tu, ila ukimsikiliza uligundua anamkumbusha Mungu maazimio ya Jumapili iliyopita. Mchungaji wetu, mtu mpole sana, aliniambia siku moja kwamba huyu ndiye mzee wa kanisa pekee anayemfanya ahisi kwamba hata Mungu ana katibu.

Wapo waliosema alipenda ukubwa. Mimi nadhani alipenda kuulizwa. Mtu akisimama mlangoni kwake na shida, iwe ng'ombe aliyevuka mpaka au mke aliyerudi kwao, uso wake ulichanua. Alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akasema, "Sasa tuangalie utaratibu unasemaje." Utaratibu ulisema alichokwisha kuamua, lakini mtu aliondoka akijiona amesikilizwa na serikali nzima. Wakati huohuo uji wake ulikuwa unapoa mezani, na mkewe alikuwa amekaa mlango wa jikoni akiutazama.

Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Tulimwita Mama Mwenyekiti, na sidhani kama alilipenda jina hilo. Wageni wa mumewe wote aliwachemshia chai, wengine akawapikia, wengine akawatandikia. Nilipomwambia mara moja kwamba ana bahati ya kuwa na mume anayeheshimiwa, alinitazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali lisiloulizwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeolewa na kijiji kizima. Huyu mmoja ndiye nisiyempata."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo watu husema, na Mwenyekiti alikubali kushindwa kuliko mtu yeyote niliyemjua, kwa saa chache za kwanza. Alfajiri baada ya uchaguzi, kabla ya chai, alivaa koti akaenda kwa aliyemshinda. Akampa mkono, akamkabidhi kila kilicho cha watu: muhuri, funguo, kama ni timu basi mpira wenyewe na pampu yake. "Cha watu hakilali kwangu siku ya pili," alisema. Halafu alirudi nyumbani akaugua malaria.

Malaria hiyo haikuonekana kwenye darubini ya zahanati yoyote. Majirani tuliiita malaria ya kura, kwa sauti ya chini. Alilala chumbani, pazia limeshushwa, redio imezimwa, akajifunika blanketi mbili. Mkewe alimletea uji wa ulezi, akakaa ukingoni mwa kitanda akimsimulia ndizi ipi imeangushwa na upepo na ndama wa nani amezaliwa. Wageni waliokuja aliwarudisha getini: mzee anaumwa. Nami niliona jambo nikalinyamazia. Siku hizo za malaria Mama Mwenyekiti aliimba. Nilimsikia ng'ambo ya masale akikata majani ya ng'ombe, anaimba nyimbo za kipaimara kwa sauti ya msichana. Mwenyekiti alipopona akavaa tena koti, nyimbo zilikoma.

Alikuwa mtu wa kusikitikia hata wasiomhusu. Matokeo ya uchaguzi yakisomwa redioni, majimbo ya mbali huko ambako hajui mtu, aliwahurumia walioshindwa wa vyama vyote. "Huyu sasa kesho anaamka anaelekea wapi?" aliuliza. Mume akiwa hivyo, mke atafanya nini? Mume wangu alisema huyu angeweza kuwalilia hata washindi, wakimpa nafasi.

Kilichomwangusha kwenye udiwani ni nyama, na hadithi hii bado inasimuliwa kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Vyama vingi vilikuwa vimeingia. Enzi za chama kimoja ulikuwa ukimjua mgombea, humchunguzi kadi yake. Sasa kata ilijaa bendera, na mpinzani wa Mwenyekiti alikuwa kijana ambaye sote tulimwita Golikipa. Alikuwa amedakia timu yetu, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemtoa kuchunga mbuzi akamweka golini. Biashara ilipofunguliwa, kijana alishuka Himo, akaanza na sabuni na mafuta ya kupikia anayoyatoa Holili mpakani, akanunua pikapu, akapanda tena mlimani na viatu vinavyong'aa na chama kipya. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi hupenda hadithi hii iwe na mtu mbaya.

Sasa kwetu nyama haigawiwi ovyo. Mnyama akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari kina mzee wake, mgongo una wake, shingo ina wake, na hata aliyeshika mguu wakati wa kuchinja anajua anachostahili. Ukipewa kipande chako umeambiwa kwamba unajulikana wewe ni nani mbele ya watu. Mwenyekiti alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Krismasi, watu wanapopanda kutoka Dar na Nairobi, koo tatu zilimgombania awagawie, kwa sababu akigawa yeye hakuna anayerudi nyumbani amenuna.

Kampeni zilipopamba moto alichinja ng'ombe. Siku zile mgombea kulisha watu hakukumshangaza mtu. Lakini aliogopa: akimpa mzee fulani kidari, wa chama kingine watasema kidari hicho ni hongo, na mzee wa ukoo mwingine atauliza kwa nini si yeye. Kwa hiyo, mtu yule yule aliyejua kila mfupa wa ng'ombe una jina la nani, aliagiza nyama yote ikatwekatwe, ipimwe kwenye mizani, itiwe kwenye mifuko ya plastiki, kila mtu mfuko mmoja, uzito mmoja. Alikuja kwenye uzio kuniambia mpango wake akiwa amefurahi.

"Enzi mpya ni ya usawa, Mwalimu. Hakuna mkubwa wala mdogo."

"Wazee watakubali, Mwenyekiti?"

"Wataelewa. Wazee wetu ni watu wa kuelewa."

Wazee walipokea mifuko kwa mikono miwili, wakasema aika, aika, asante sana. Walipovuka mfongo ndipo maneno yalipoanza. Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu alikuja kwetu akaitua nyama ile mezani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

"Ametufanya wateja," akasema. "Mimi na mjukuu wangu, mfuko sawa, uzito sawa. Sasa kesho huyo mjukuu atanipa shikamoo ya nini?"

"Lakini nyama si nzuri, mzee?" mume wangu akauliza.

"Nyama ni nzuri sana. Pika tule. Ila kura yangu asiihesabu."

Golikipa naye alichinja mbuzi mmoja, mwembamba hata wa kumwonea huruma. Lakini alimwomba mzee anayejua amgawie, na kila mwenye chake akapata chake, hata kama ni cha kujaza kiganja. Wakampa kata. Mwenyekiti alipeleka muhuri alfajiri, akarudi akajifunika blanketi. Ilikuwa malaria ndefu kuliko zote, na Mama Mwenyekiti aliimba hadi nyimbo za Kwaresima.

Ukarimu wake ulikuwa na shida hiyo siku zote, uliwazidi watu uwezo. Zamani kabla ya Golikipa kuwa na pikapu, timu yetu ilialika vijana wa kwetu Masama kwa mchezo wa kirafiki. Mwenyekiti aliamini mgeni hawezi kuanza mchezo na njaa. Aliwaandalia machalari, ndizi na nyama, sufuria baada ya sufuria. Na kwa kuwa mwenyeji hawezi kukaa kumwangalia mgeni akila, vijana wetu nao wakala. Mchezo ulipoanza, timu zote mbili zilitembea. Mwamuzi mwenyewe alikuwa amekula. Golikipa wetu aliegemea mlingoti akafumba macho, na bao pekee lililofungwa lilipita karibu yake polepole, kama kuku anayerudi bandani. Tulifungwa. Mwenyekiti alisimama katikati ya uwanja akawashukuru wageni kwa nusu saa.

Alikaa kwenye kiti hicho cha mpira miaka mingi, kisha vijana wakakitoa kwake na kukipeleka kwa Golikipa. Siwalaumu. Golikipa angewapeleka mechi za mbali kwa pikapu. Mwenyekiti aliwapeleka kwa miguu na kwa hotuba. Mwaka uliofuata muda wake wa uzee wa kanisa ukaisha, na kwa utaratibu ilibidi apishe wengine. Akabaki na kiti kimoja tu, kile cha ghalani.

Lazima niseme na jambo jingine juu yake, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Yeye ndiye aliyewaingiza wanawake kwenye chama cha msingi. Kahawa kwetu ilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke aliichuma, akaikoboa kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika, akaibeba hadi ghalani, na hapo ikageuka kuwa ya mume. Ndizi ndizo zilikuwa zake. Katika mkutano mmoja mkuu Mwenyekiti alisimama akauliza, "Anayechuma ni nani? Anayeosha ni nani? Anayelala macho mvua ikinyesha kahawa ipo nje ni nani?" Wanaume wakatazama juu kwenye mabati. Akasema atakayekuwa na miche kwa jina lake atakuwa mwanachama kwa jina lake, awe amevaa suruali au kitenge. Ili kuonyesha mfano alimkatia mkewe safu kadhaa za miche ya kihamba chake, akamwandikisha. Mama Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye mume hai kuwa na kadi katika chama chetu. Aliiweka kwenye Biblia.

Mtu huyohuyo, nyumbani, sikuwahi kumwona ameshika hata kikombe kitupu. Jikoni hakuingia. Chumvi ikipungua aliita, maji yakiisha aliita, na akiita alikaa wima akingoja, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimtania siku moja.

"Mwenyekiti, huu usawa wako unaishia wapi?"

"Unaishia getini, Mwalimu," akajibu bila hata kufikiri. "Ndani kuna utaratibu mwingine."

Alicheka, nami nikacheka. Mkewe alikuwa anafua pembeni, akakamua shuka mpaka likatoa tone la mwisho.

Miaka ile ya tisini ikaja na wanunuzi binafsi. Walisimama barabarani na mizani zao, wakachukua kahawa yako na kukulipa papo hapo, ilhali chama cha msingi kililipa kwa awamu, ya kwanza leo, ya mwisho Mungu akipenda. Watu wana karo, wana wagonjwa. Magunia yakaanza kushuka njia bila kupita ghalani. Mwenyekiti alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wasikiache chama, kwa sababu wanunuzi hawa bei ikianguka hatutawaona. Walimsikiliza, wakamkaribisha mbege, na kesho yake mama mwenye nyumba alimvizia apite ndipo ateremshe gunia. Alianza kukonda. Hakuwa akilala vizuri, mkewe aliniambia, na akilala alizungumza na wajumbe.

Ndipo uchaguzi wa chama ulipofika, na Golikipa akachukua fomu. Alikuwa diwani, alikuwa na timu, na sasa alitaka ghala. Aliahidi kwamba chama nacho kitalipa papo hapo. Jinsi gani, hakusema, na wengi hawakutaka kuuliza. Kijiji kilipasuka katikati. Wazee waliokasirishwa na mifuko ya nyama walikuwa wamesamehe, wakarudi kwa Mwenyekiti. Vijana walikuwa na Golikipa. Wanawake wenye kadi, wachache lakini wapo, hawakusema kitu.

Nilijua Mwenyekiti anagombea nini. Hakuwa anagombea mizani. Alikuwa anagombea mahali pa kuamkia asubuhi. Mkewe naye nilijua anataka nini, kwa sababu alikuja kwenye uzio wiki ile, akakata jani la sale akawa analichanachana.

"Huyu akishinda tena, Mwalimu, mimi nitazeeka nikiwachemshia wajumbe chai."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ana miaka mingapi mbele yake?" akauliza. "Hata mimi si nina haki ya kupata michache?"

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala. Afisa ushirika kutoka wilayani ndiye aliyesimamia, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Wanachama wakaamua wapige kura kwa kunyoosha mikono, maana, walisema, karatasi zina ujanja. Afisa akauliza nani atahesabu. Wakanitaja mimi, mwalimu, nisiye mwanachama. Afisa akakumbusha kwamba wagombea nao wana kadi, kwa hiyo wanaweza kupiga kura. Watu wakamtazama Mwenyekiti wakatabasamu, kwa sababu kila mtu alijua hajawahi kujipigia kura katika uchaguzi wowote. Alisema mtu hajipigii kura kama asivyojipigia makofi.

Waliitwa kwanza wanaomtaka Golikipa. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono wake bila aibu, na nyuma yake ikaota mikono ya vijana. Nikapita safu kwa safu. Nilipofika upande wa wanawake niliuona mkono mmoja umenyooka sawasawa, hautetemeki, na nikamtambua mwenyewe kabla sijamtazama usoni. Mama Mwenyekiti hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe, mbele kule, na mumewe alikuwa anamtazama yeye.   Nikamhesabu. Ndiyo kazi niliyopewa.

Kisha wakaitwa wanaomtaka Mwenyekiti. Mikono ilikuwa mingi, mingi ya wazee, mingine imepinda kwa baridi yabisi. Nikahesabu mara mbili. Ilipungua mmoja kwa ile ya Golikipa.

Yule afisa alikuwa mwungwana. Alimgeukia akasema kwa upole, "Mzee, wewe hukunyoosha kokote. Una haki yako. Bado sijatangaza."

 Mtu fulani nyuma akasema, "Nyoosha, meku, nyoosha mzee wetu." Mwingine akasema, "Nyoosha tu, zifungane, turudie." Tulikuwa tunamwomba, hata mimi, kimoyomoyo, niliyepaswa kuwa sina upande.

"Tangaza," akasema Mwenyekiti.

Basi. Kijiji kilisema ni kiburi. Kwamba alishikilia ule usemi wake wa makofi mpaka ukamwangusha. Juu ya mkewe walisema mengi zaidi, kwamba atarudishwa kwao, kwamba atapigwa, kwamba kadi ile ya Biblia ilikuwa kosa tangu mwanzo. Wanaume walimwambia Mwenyekiti waziwazi: uliwapa kura, umeona. Alfajiri alipeleka funguo za ghala kwa Golikipa, amevaa koti. Tukangoja malaria. Haikuja. Siku ya tatu nilimwona shambani na mkewe, wanapogoa kahawa pamoja, hawasemezani lakini hawajatengana hata hatua kumi. Sikuuliza. Kuna mambo jirani haulizi, hata akiwa na ulimi kama wangu.

Golikipa alijitahidi, nasema kweli. Lakini kulipa papo hapo kunahitaji uwe nacho, na chama hakikuwa nacho. Baada ya misimu michache bei ilianguka, wanunuzi wa barabarani wakatoweka kama Mwenyekiti alivyosema, na watu wakang'oa miche wakapanda nyanya na majani ya ng'ombe wa maziwa. Ghala likapangishwa kwa mwuza saruji. Golikipa naye akaja kushindwa udiwani na kijana mwenye gari kubwa zaidi, akahamia Arusha. Nasikia ni mtu mzuri huko, ana duka la vipuri.

Nilistaafu, mume wangu akafariki, nikashuka Moshi mjini kukaa na mwanangu. Nilikaa miaka kadhaa bila kupanda. Pasaka moja nikasema siwezi tena, nikapanda.

Nilibisha hodi kwa jirani zangu, hakuna aliyejibu, ila moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nikazunguka. Mwenyekiti alikuwa ameinama juu ya mafiga, hana koti, mikono ya shati imekunjwa, anapondaponda ndizi ndani ya sufuria kwa mwiko. Anapika mtori. Nilisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu. Pita, ila angalia kuni." Hakuona haya hata kidogo. "Miguu ya mama yenu imekataa tangu mwaka juzi. Mabinti wanaleta msichana wa kazi, yeye anamfukuza. Anasema chakula cha msichana hakina chumvi."

"Na chako?"

"Changu hakina pia. Lakini mimi hawezi kunifukuza."

Nilikaa kwenye kigoda. Kutoka chumbani nilimsikia Mama Mwenyekiti akimwuliza nani amekuja, naye akamjibu, na yeye akasema nisubiri, anajifunga kitambaa. Sauti yake ilikuwa na furaha. Mzee akaongeza maziwa, akaonja, akakunja uso. Sijui ni nini kilinipa ujasiri. Labda kumwona bila koti.

"Mwenyekiti, siku ile ghalani. Ulikasirika naye?"

Aliendelea kukoroga.

"Aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Asubuhi ile, kabla sijatoka. Alinifungia vifungo, akasema, 'Mzee, leo nitamnyooshea yule kijana. Nakuambia mapema usije ukashtuka mbele za watu. Sijakuomba kitu tangu unioe. Naomba urudi nyumbani.' Mimi nikamwambia una kadi yako, fanya utakavyo. Nilidhani ni maneno ya asubuhi tu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimekwenda kujipigia kura, Mwalimu. Siku ile nilikuwa nimeamua. Nilijua zitakaribiana, nikasema acha nivunje mwiko mara moja. Halafu nikauona mkono wake. Mnafikiri nilikuwa sijui kuhesabu? Ningenyoosha zingefungana, tungerudia, na kwenye kurudia watu wangenionea huruma wakanipa. Nilikijua kijiji changu." Akaipua sufuria, akaiweka chini taratibu. "Lakini ameniomba jambo mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyesikia ila mimi. Ningejifanyaje sikusikia?"

 Niliangalia moto. Yeye akachota mtori akatia kwenye bakuli, akapangusa ukingo kwa kidole kama nilivyowaona wanawake wakifanya miaka yote.

"Watu bado wanasema nilianguka kwa kura moja," akasema. "Waache. Zilikuwa mbili. Yake na yangu."

Akainuka, bakuli mikononi, akaingia ndani kumpelekea.